Kwenu vijana wa Mtwara mnaojilipia masters huku mna gari

Wanangu walimu, manesi na nyie mlioko halmashauri, habari za kazi. Nawaandikia maana kila nikikaa na mmoja wenu nasikia neno lile lile, mzee nataka kuanza masters ila ada haikai, na nje gari yake IST imepaki. Simwambii auze. Ila gari na ada zikikaa mfuko mmoja gari ndo linashiba kwanza, maana lenyewe linadai leo leo, chuo kinasubiri mpaka karibu na mitihani.

Wengi mnahesabu mafuta tu. Haya, mtu anakaa Mtwara familia iko Lindi, kila wikiendi anaenda, ni kama kilomita 210 kwenda na kurudi, gari ndogo ikienda kilomita 14 kwa lita ni lita 15, kwa mwezi lita 60, zidisha na bei ya mafuta ya EWURA, mamlaka ya nishati na maji, ile inayotangazwa Jumatano ya kwanza ya mwezi. Bado oili, tairi, bima, na sisi wa pwani chumvi inakula bodi kwa chini mpaka fundi akikuonyesha unashtuka. Hizi hazidai kila mwezi ndo maana mnazisahau. Jumlisha za mwaka mzima gawa kwa 12, hapo ndo utajua gari linakula kiasi gani kwenye mshahara wako.

Binti zangu mnaotoka zamu usiku pale hospitali ya Ligula, nyie siwaambii mpande boda saa sita usiku, gari kwenu ni usalama. Ila wewe unayewasha gari kutoka Shangani kwenda sokoni kununua samaki, panda bajaji baba.

Kinachoniuma zaidi ni mikopo. Uliyesoma digrii kwa hela ya Bodi ya Mikopo unakatwa 15% ya mshahara wa msingi, weka kodi, weka PSSSF ya pensheni, weka bima ya afya, alafu unaongeza mkopo wa gari, ushafika kwenye ile theluthi moja ya mshahara ambayo sheria inataka ikubakie, siku unataka mkopo wa ada mwajiri hawezi kukupitishia.

Wenye mikorosho Newala na Tandahimba, hela ya mnada ikiingia ule msimu wa Oktoba kwenda Desemba, lipeni ada kwanza, ya mwaka mzima kama inatosha, rimu na mziki baadae. Na akiba ya ada isikae kwenye simu, iwekeni hata Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, ile kampuni ya serikali ya uwekezaji wa pamoja, kutoa ni siku chache za kazi, na hizo siku chache ndo zinakuokoa fundi akikupigia bosi shokapu imekufa tuma hela sasa hivi.

Alafu sio lazima Dar. Chuo Kikuu Huria wana kituo hapa Mtwara na Lindi pia, unasoma ukiwa kazini, hulipi chumba cha Dar wala nauli ya basi.

Kama mkopo wa gari ushachukua, usiweke mwingine wa ada juu yake, malizia huo hata masters ikichelewa mwaka. Rejesho likiisha waambie benki waendelee kukata kiasi kile kile kiende akaunti ya ada, maana ushazoea kuishi bila hiyo hela, usiipe nafasi ya kurudi mfukoni.