Mabingwa wa macho wakimaliza kusoma waje na Tanga

Mhariri salaam, mi mkazi wa Ngamiani hapa Tanga, naomba kanafasi niseme hili la madaktari wa macho maana linaniuma sana.

Mama yangu alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili, tukazungushwa mwezi mzima, mara bingwa hayupo, mara rudini wiki ijayo, mwisho tukapanda basi mpaka Moshi, upasuaji wenyewe nusu saa haikufika na kesho yake walipotoa bandeji akaniita jina langu, nililia jamani.

Sasa kijana anasoma udaktari miaka mitano, intaniship (mazoezi ya kazi hospitalini) mwaka, halafu anarudi darasani Muhimbili au KCMC, ile hospitali ya rufaa ya Moshi, kusomea ubingwa wa macho, akimaliza hapo njia ni nyingi, aajiriwe serikalini, afundishe chuo, afungue kliniki yake mjini, au aongeze ubobezi wa retina (utando wa nyuma ya jicho), presha ya macho au macho ya watoto, wengine wanaenda hadi India. Simlaumu anayebaki Dar, maana ukimleta Handeni au Pangani bila hadubini ya kupasulia, bila lenzi za kupandikiza na bila nesi aliyesomea macho, atafanya nini zaidi ya kuandika miwani? Na mkono wa upasuaji usipotumika unapoteza wepesi.

Kwa hiyo wizara ikimsomesha mtu impangie kituo mapema, na vifaa vitangulie kabla yake, nyumba pia. Wazee wa Lushoto na Muheza wanasubiri.

Mkazi wa Ngamiani, Tanga