Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka, Arusha

Ndugu wanachama, wasomi wenzangu,

Shughuli za mwaka mnazijua: mihadhara ya wazi, mafunzo ya uandishi kwa wahadhiri wasaidizi, ziara ya wanafunzi katika Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Zote zilifanyika.

Ninalopaswa kulieleza kwa kirefu ni uamuzi wa kamati tendaji kutoa toleo la mwaka huu la jarida letu la sheria kwa Kiswahili. Maneno yamekuwa mengi, mengine yakinilenga mimi binafsi. Nausimamia uamuzi huo.

Tangu Sheria ya Marekebisho ya Sheria Mbalimbali Na. 1 ya mwaka 2021, Kiswahili ndiyo lugha ya sheria na ya mahakama zetu, Kiingereza kikiachiwa mazingira maalumu. Mahakama za mwanzo zinakitumia tangu zamani. Sasa tazameni maandishi yetu. Shauri la Mtikila la 2013 kuhusu mgombea binafsi, na la Ally Rajabu la 2019 kuhusu adhabu ya kifo ya lazima, yaliamuliwa na hiyo Mahakama ya Afrika yenye makao hapa hapa mjini, tena dhidi ya nchi yetu. Sisi tumeyachambua kwa Kiingereza. Hakimu wa Arumeru anayeandika hukumu kwa Kiswahili amnukuu nani?

Waliopinga wanasema makala ya Kiswahili haisomwi nje na itawachelewesha kupanda cheo. Kila makala ilipita kwa wapitiaji wawili wasiomjua mwandishi, na kila moja ina ikisiri ya Kiingereza. Ugumu ulikuwa kwenye istilahi, na kazi hiyo niliisimamia mwenyewe pamoja na wahariri hadi jarida likaenda mtamboni. Ubora haukushuka.

Linaloniuma ni kwamba wengi wa wanaolalamika hawakufika kwenye kikao tulichojadili jambo hili. Akidi ilitimia kwa taabu. Kati ya wanachama 58, waliolipa ada ni 21, jumla sh. 1,050,000, uchapaji peke yake ulikula sh. 1,400,000. Pengo lilizibwa kwa akiba, na sehemu niliitanguliza mimi. Stakabadhi anazo mweka hazina.

Mwaka ujao, fedha zikiruhusu, tunatarajia kuliweka jarida mtandaoni, kuwa karibu zaidi na wenzetu wa Moshi, na kutafuta wafadhili.

Mweka hazina atapokea ada hapa ukumbini kabla ya uchaguzi. Kwa mujibu wa katiba yetu, asiyelipa hapigi kura.