Rafu zisijazwe kwanza

Münster, Ujerumani, Novemba

Baba mpendwa, shikamoo. Mama naye mpe shikamoo yangu, na umwambie dagaa wameisha tangu mwezi uliopita.

Picha alizotuma dogo nimezikuza mpaka zikaanza kufifia. Rafu za maktaba ya seminari zimesimama! Ukutani karibu na dirisha nimeziona hesabu zako za chaki, na penseli iko sikioni kama kawaida. Nilicheka peke yangu ndani ya basi, watu wakanitazama.

Sasa lile uliloniuliza kwenye simu, kama rafu zinaweza kujazwa tayari, nalijibu kwa maandishi, ili Padre Gombera naye asome. Anataka mafrateri waanze kupanga vitabu wiki hii, maana Baba Askofu Mkuu anakuja karibuni. Mwambieni kwa heshima zote asubiri. Vanishi hukauka juu kabla ya ndani. Mwaka wangu wa kwanza huku nilijaza rafu mpya siku ya tatu tu, najifanya mchapakazi. Wiki mbili baadaye navuta kitabu, kikatoka na sauti ya plasta inayobanduliwa kwenye kidonda, kipande cha jalada jekundu kikabaki ubaoni. Vitabu kumi na vinane, Baba. Mpaka leo navihesabu.

Fanya hivi. Jioni weka karatasi nyeupe juu ya rafu, ikandamize kwa tofali, uiache ilale hapo. Asubuhi ikinyanyuka yenyewe, ruksa. Ikishika hata kona moja, fungueni madirisha muendelee kungoja.

Halafu ukuta. Lipu mpya hutoa unyevu wiki nyingi, na hapo kilimani ziwa linawaongezea wa kwake. Ile rafu ndefu umeibana ukutani kabisa. Isogeze mpaka kiganja kipite nyuma yake, la sivyo ukungu utaanzia kwenye vile vitabu ambavyo hakuna anayevigusa. Sentimita 90 kati ya nguzo na nguzo umepatia. Mita moja ya vitabu vinene vya teolojia hufika kilo 30 na zaidi, ubao mrefu kuliko huo ungepinda.

Mkesha wa sherehe, taa za ndani zizimwe mapema. Wale vijidudu wanaopanda juu ya maji kama moshi huibuka zaidi siku chache baada ya mwezi mpya, nao wanafuata mwanga. Nyavu za madirisha mlizofunga ni za mbu, lakini kwa mlango ulioachwa wazi hazisaidii kitu. Unakumbuka karakana ya Igoma ulipopaka kabati rangi nyeupe usiku? Asubuhi lilikuwa la kijivu.

Kadi ya mwaliko nimeiona pia. Imeandikwa “kutabaruku maktaba”. Mama ndiye aliyenifundisha kwamba kinachotabarukiwa ni kanisa na altare. Maktaba inabarikiwa tu. Ila kama zimeshachapwa, nyamaza, usije ukanigombanisha na kamati.

Nimetuma kitabu kimoja, cha Mzee Aniceti Kitereza wa Ukerewe. Naye alikuwa mseminari, kule Rubya. Alimaliza kukiandika kwa Kikerewe mwaka 1945, kikachapwa kwa Kiswahili mwaka 1980, mwaka uliofuata akafariki. Padre Gombera akinung'unika kuhusu vanishi, mtajie hiyo miaka 35. Nacho kikifika kisipelekwe rafu ya juu pamoja na vile vya Kilatini. Kikae usawa wa macho, karibu na mlango, frateri akiingia kukwepa mvua akione.

Nitapiga Jumamosi usiku. Uniambie karatasi imesemaje.

Binti yako