Kaka, ile haikuwa adabu

Kaka, shikamoo. Simu zangu hupokei tangu likizo ya Juni, na kwenye kundi la familia umejitoa, basi nakuandikia hapa. Watakaosoma wasome.

Ile jioni ya pilau mwanao hakukaa. Alisimama mlangoni mpaka sote tukanawa, ndipo akauliza kama kimebaki chochote. Ukamshika bega mbele ya wageni: "Mnaona? Bweni limemnyoosha." Wakacheka. Mimi macho yangu yalikuwa kwenye vidole vyake, vimechubuka kama vya dobi. Njuka, mwanafunzi mgeni bwenini, mwenye mashati mawili, anafua ya nani?

Alfajiri nikamkuta uani anafua nguo zangu. Sikumtuma.

Najua unampenda. Ada yake uliilipa kabla ya kodi ya nyumba, nani asiyejua? Lakini mtoto mwenye adabu hukuamkia, kisha akarudi kwenye mchezo wake. Huyu akisikia hatua nyuma yake anasimama wima. Blanketi limepotea, ndoo imepotea, komeo la tranka limeng'olewa, na kila mara anaazima simu ya patroni akuombe hela ya sabuni, ukasema mzembe. Akawa anamfinya mdogo wake kwa siri, ukasema wivu. Usiku wa kuamkia safari akakojoa kitandani, kijana wa miaka 14, ukasema malaria. Kimoja kimoja ningekubaliana nawe. Vyote pamoja, kaka?

Ndiyo maana nilikwenda shuleni bila kukuaga. Ningekuaga ungenizuia, na unajua hivyo. Mlezi wa bweni wala hakushtuka, aliniuliza tu ni vijana wa chumba kipi. Halafu wewe unanipigia kunifokea kwamba nimekudhalilisha, kwamba mtoto si wangu. Hilo la mwisho bado sijalimeza.

"Hata sisi tulionewa, tukawa watu." Ulionewa wewe. Mimi nililala chumba cha pili, nikakusikia usiku likizo nzima.

Usimuulize nani anamwonea, atasema hakuna. Muulize bwaloni anakaa na nani, na jioni nani humtuma. Namba 116 ya kusaidia watoto ni bure. Nimemwandikia ndani ya jalada la daftari la Hisabati. Ukiiona usiichane.

Desemba wakifunga nitampokea stendi mwenyewe. Wifi anajua.