Barua kwa Mwanangu Masanja, Kuhusu Risasi Anayoyeyusha

Kirumba, Mwanza

Mwanangu Masanja,

Shikamoo yako nimeipokea kupitia kwa mdogo wako Nyanzala, marahaba. Pamoja na salamu, amenieleza jambo ambalo wewe hukulisema: kwamba visanamu vya bugobogobo, ile ngoma yetu Wasukuma ya kurusha majembe, ulivyoniletea Pasaka havikutengenezwa kwa bati kama nilivyodhani, bali kwa risasi, yale madini ya vizito vya nyavu, uliyoyeyusha barazani huko Musoma, karibu na jiko ambalo Kabula anapikia, naye ni mjamzito. Naomba uache, na uache kabla hujamaliza kuisoma barua hii.

Nimeuza zana za uvuvi pale Mwaloni miaka mingi, na risasi naijua. Wanaoyeyusha betri kuukuu za magari ili wapate vizito vya nyavu hudhani kwamba wakiukwepa moshi wameikwepa sumu. Risasi huyeyuka kwenye nyuzijoto 327, na hata usipoichochea moto kupita hapo, ule utando wa kijivu unaoelea juu yake, ukishaukwangua, huwa vumbi linaloshika nguo, mikono, mkeka na hatimaye chakula. Unapopiga tupa kuondoa mshono wa kalibu, unaongeza vumbi jingine. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa hakina madhara, na kwa mama mjamzito hupita kwenye kondo la nyuma hadi kwa mtoto, ambaye ubongo wake ndio kwanza unaumbwa. Wala usinijibu kwamba unavipaka rangi. Rangi hufunika kisanamu, haifuniki sakafu.

Najua utanikumbusha habari za William Britain, aliyeanza kuuza visanamu vya askari vya risasi vyenye uwazi ndani huko Uingereza mwaka 1893, na watoto wakavichezea. Walivichezea, ndiyo, lakini kiwanda chake hicho hicho kiliachana na risasi katika miaka ya 1960, na hakikuiacha kwa sababu ilikosekana sokoni.

Kazi yenyewe ni nzuri, mwanangu, na sitaki uiache. Wachezaji wa milimita 54, jembe lenye mpini mwembamba kama njiti ya kiberiti, na bado naona nani anarusha na nani anadaka! Nimevifungia katika kabati la kioo dukani, na wateja wananiuliza bei. Nyuso tu ndizo umeziharibu kwa rangi nzito, hata macho yamezama. Zimua rangi ya akriliki kwa maji, upake mara mbili nyepesi, kisha uchuruzishe rangi nyeusi nyembamba kwenye mikunjo ya nguo ili kivuli kijitokeze. Wewe ni mwepesi wa kuanza na mvivu wa kungoja rangi ikauke, na katika hilo umemrithi mtu ambaye sitamtaja. Na hiyo tabia ya kuchonga ncha ya brashi kwa ulimi, huku vidole vimetoka kushika risasi, ikome leo.

Nyanzala anasema unakimbizana na Bulabo, sikukuu ya ngoma za Wasukuma pale Bujora, ili Wagika na Wagalu, yale makundi mawili ya ngoma yanayoshindana, wote wawe tayari kupangwa mezani. Haraka hiyo ndiyo inayonitisha. Tafuta bati halisi, namaanisha madini yanayochimbwa Kyerwa, si bati la kuezekea. Huyeyuka kwenye nyuzijoto 232, kwa hiyo hata mkaa utapunguza. Usiokoteze waya wa kulehemu wa mafundi redio, maana mwingi umechanganywa na risasi. Kalibu ya jasi nayo iache ikauke kabisa, kwa sababu unyevu ukikutana na madini ya moto huruka usoni. Ule mfuko wa vizito ulioutoa stoo kwangu, ambao nilikuona ukiubeba nikanyamaza kwa kuwa ulinipunguzia mzigo, uurudishe ukiwa umefungwa. Sufuria usimpe mtu apikie.

Baraza usiifagie, ipanguse kwa kitambaa chenye maji, na nguo zako za kazi zifuliwe peke yake, uzifue wewe mwenyewe. Kabula akienda kliniki, mwambieni muuguzi ukweli, mkaulize kipimo cha risasi katika damu kinapatikana wapi. Nimempa kondakta wa basi la Jumamosi dagaa waliokaushwa vizuri. Awale wazima wazima, kwa sababu mwili wenye chokaa na madini ya chuma ya kutosha hunyonya risasi kidogo zaidi. Usimuuzie jirani hata fungu moja.

Baba yako anaendelea na dawa zake za presha, ingawa hanywi mpaka akumbushwe. Mfereji wa paa upande wa jikoni umevunjika tena na fundi anataka malipo yote mbele; nimemkatalia. Mbuzi mweupe amezaa mapacha. Ukipiga simu, nieleze kwanza mfuko wa risasi uko wapi, ndipo tuzungumze habari za mbuzi.

Mama yako