Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Mitaala: waacheni wanafunzi wasome ngano nzima

Ndugu Mkurugenzi,

Salamu nyingi. Mimi ni mwalimu wa lugha na fasihi, na wanafunzi wangu wana miaka kumi na miwili hadi kumi na minne. Ninaandika hadharani kwa sababu jambo hili linawagusa walimu wengi, na wazazi nao wana haki ya kulisikia. Ni ile mada ya kulinganisha ngano za kale na za kisasa, hasa swali lake la mtihani na jibu ambalo mwongozo wa usahihishaji unalihesabu kuwa sahihi.

Mwaka jana mwanafunzi wangu mmoja alijibu kwamba msichana wa ngano za kale si lazima awe mnyonge. Mfano wake ulikuwa Gretel, wa ngano ya Hansel na Gretel, ndugu wawili walionaswa na mchawi anayetaka kuwala. Kaka yake amefungiwa, mchawi anamwamuru binti achungulie tanuri kama limeshika moto, naye anajifanya hajui pa kuingilia. Mchawi anainama amwonyeshe. Gretel anamsukumia ndani, anafunga mlango wa chuma na kutia komeo. Ngano hiyo ilichapishwa na ndugu Jacob na Wilhelm Grimm, Ujerumani, mwaka 1812. Mwanafunzi hakupata hata alama moja. Mwongozo ulitaka aseme kwamba zamani msichana alingoja kuokolewa, na siku hizi anajiokoa mwenyewe.

Alama zilizopotea nimeshazisamehe. Kinachoniuma ni kwamba mtoto alisoma kwa makini kuliko sisi tuliomtungia swali, kisha tukamfundisha kwamba kusoma kwa makini hakulipi.

Wala Gretel hayuko peke yake. Yule binti mfalme na chura, ambaye kila mtu anakumbuka alimbusu, kwa akina Grimm hakumbusu hata kidogo. Alikasirika, akamvurumisha chura ukutani kwa nguvu zake zote, na hapo ndipo chura akageuka mwana wa mfalme. Msichana wa kofia nyekundu naye ana mwisho wa pili, ambao vitabu vingi vya watoto huuacha: mbwamwitu mwingine anakuja, safari hii binti hadanganyiki, na yeye na bibi yake wanamtega hadi anazama kwenye hori la maji. Hilo nalo ni la akina Grimm. Mwanafunzi anayeambiwa aandike kwamba binti jasiri ni uvumbuzi wa zama zetu anaambiwa aandike uongo.

Halafu, Ndugu Mkurugenzi, kale ni lini? Charles Perrault alipoichapisha hadithi ya kofia nyekundu Ufaransa mwaka 1697, mbwamwitu alimla mtoto, na hadithi ikaishia hapo, kukafuata beti chache za maonyo. Hakuna mwindaji. Mwindaji na mkasi wake wa kupasulia tumbo la mbwamwitu tunamkuta kwa akina Grimm, zaidi ya miaka mia moja baadaye. Ukiwaweka hao wote kwenye safu moja ya jedwali iliyoandikwa "kale", umeshafuta badiliko kubwa kuliko yote kabla mwanafunzi hajashika kalamu.

Jedwali lenyewe silichukii. Linafaa kuanzia. Ila nimeona linavyoua udadisi likifanywa ndiyo kazi yenyewe: zamani mfalme, sasa rais; zamani farasi, sasa gari. Mtoto anajaza, kipindi kinakwisha, na hakuna aliyeuliza kitu.

Niruhusu nikueleze kipindi kimoja kilichokwenda vizuri. Tulisoma Snow White, ngano ya binti mfalme anayelishwa tofaa lenye sumu na kulazwa katika jeneza la kioo, neno kwa neno, kutoka akina Grimm. Tulipofika mwisho, msichana mmoja akarudi juu ya ukurasa, akashuka tena na kidole mstari kwa mstari, kisha akageuza karatasi kuona kama kuna maandishi nyuma. "Mwalimu, busu liko wapi?" Halipo. Mwana wa mfalme anaomba apewe jeneza la kioo, watumishi wake wanalibeba, wanajikwaa, na kile kipande cha tofaa kinaruka kutoka kooni. Busu analolijua yeye ni la filamu ya Walt Disney ya mwaka 1937. Nikawauliza: busu linafanya kazi gani ambayo kujikwaa hakuwezi? Darasa likanyamaza kwa muda mrefu, nami nikajizuia nisiwajibie. Mwishowe mvulana wa nyuma akasema: "Wakijikwaa, yeye hajafanya kitu. Akibusu, anaonekana anastahili kuoa." Sijawahi kusikia mtu mzima akilieleza vizuri zaidi.

Juma lililofuata niliwapa kurasa mbili za mwanzo wa hadithi hiyohiyo, moja ya toleo la 1812 na nyingine ya 1819. Katika la kwanza, malkia anayeamuru binti auawe ni mama yake mzazi, yuleyule aliyetamani mtoto mweupe kama theluji. Katika la pili mama anafariki akijifungua, na wivu wote unahamishiwa kwa mke mpya wa baba. Katika darasa langu yumo mtoto anayelelewa na mama wa kambo, naye anampenda sana. Alizisoma kurasa zote mbili mara mbili, akauliza: "Nani aliwaruhusu kubadilisha?"

Hilo ndilo swali ninalotaka mtihani uliulize. Wilhelm Grimm aliendelea kuzihariri ngano hizo hadi toleo la saba la mwaka 1857, akizidi kuzirekebisha zifae kusomwa na watoto nyumbani. Mama muuaji alimsumbua msomaji. Mama wa kambo hakumsumbua. Mtoto wa miaka kumi na mitatu anaweza kabisa kuelewa kwamba mtu alikaa mezani akaamua lawama imwangukie nani. Akishalielewa kwa ngano, atalitafuta pia kwenye filamu mpya anayoipenda, kwa sababu huko nako kuna mtu aliyekaa mezani akaamua.

Kwa hiyo ombi langu ni hili. Muhtasari wa somo utake hadithi nzima isomwe, si ufupisho wake, hata kama itabidi tusome ngano mbili tu mwaka mzima badala ya nane. Mtihani umpe mtahiniwa vifungu viwili vya ngano moja, vya nyakati mbili, na umwombe achague badiliko moja, alionyeshe kwenye maandishi, aeleze limemfaidi nani. Na mwongozo wa usahihishaji uache nafasi ya jibu ambalo mtungaji hakulitarajia, mradi limeshikamana na maandishi. Najua usahihishaji wa namna hiyo unachosha na unachukua muda. Walimu tunaweza kuandaliwa kwa ajili yake, na wengi wetu tutakubali.

Perrault na akina Grimm walifariki zamani, na hakimiliki ya maandishi yao ya asili imekwisha. Kinachokosekana ni tafsiri nzuri za Kiswahili za matoleo yenyewe, la mwanzo na la mwisho, zikiwekwa pamoja katika kitabu kimoja. Ofisi yako ikiitisha wafasiri, nipo tayari kuja kusoma miswada bila malipo, na ningeomba nije na wanafunzi wangu wawili: yule wa busu na yule wa tanuri.

Wako katika kazi,
Mwalimu wa lugha na fasihi