Mtafiti wa riadha apimwe maabarani kabla ya kupewa shahada

Mhariri,

Mkenya akishinda marathoni ng'ambo, hatukosi kusikia kwamba siri ni mapafu makubwa na hewa ya Iten, mji wa wakimbiaji huku nyanda za juu. Vijana wanaotaka kuwa watafiti wa mbio ndefu huingia chuoni na imani hiyo, na somo likifundishwa ubaoni pekee, hutoka nayo. Tunapendekeza jambo moja: asipewe shahada ya uzamili katika fiziolojia ya mazoezi, yaani elimu ya jinsi mwili unavyofanya kazi wakati wa mazoezi, mtu ambaye hajampima mkimbiaji kwa mikono yake, mwanzo hadi mwisho, na kuzitetea tarakimu zake mbele ya wahadhiri.

Miaka ya 1990 kundi la mtafiti wa fiziolojia Bengt Saltin kutoka Copenhagen liliwapima wakimbiaji wa Kenya na wa Skandinavia. Matokeo yaliyochapishwa 1995 hayakuonyesha Wakenya wakiwazidi wenzao kwa VO2max, yaani kiwango cha juu kabisa cha oksijeni ambacho mwili unaweza kutumia kwa dakika. Waliwazidi kwa kutumia oksijeni kidogo katika kasi ileile, na lakteti, kemikali ambayo misuli huizalisha zaidi inapofanya kazi kwa nguvu, ilikuwa chini kwenye damu yao.

Chukua wakimbiaji wawili wenye VO2max ya mililita 70 kwa kilo kwa dakika. Kwa kasi ya kilomita 16 kwa saa, mmoja anatumia 50 na mwenzake 54. Wa kwanza anatumia mililita 187.5 kwa kila kilo kwa kila kilomita, wa pili 202.5. Wa kwanza yuko kwenye asilimia 71 ya uwezo wake, wa pili ameshafika 77. Atakayechoka mapema anajulikana, ingawa VO2max yao ni sawa.

Tofauti ndogo kama hiyo humezwa upesi na upimaji mbovu. Kosa linalotusumbua zaidi huku nyanda za juu ni la mgandamizo wa hewa. Asilimia ya oksijeni Iten ni ileile ya Mombasa, 20.93, kinachopungua ni mgandamizo, kutoka milimita 760 za zebaki pwani hadi karibu 570. Mwanafunzi akiacha 760 kwenye kompyuta ya mashine inayopima hewa anayopumua mkimbiaji, hesabu ya oksijeni hupanda kwa zaidi ya asilimia 30. Mkimbiaji wa VO2max ya 65 atasomeka zaidi ya 85, na gwiji ambaye hayupo atazaliwa kwenye karatasi.

Mashine ipimwe kabla ya mtu. Isome hewa ya kawaida, kisha gesi ya mtungi yenye oksijeni asilimia 16 na kabonidioksidi asilimia 4. Kipima hewa kikaguliwe kwa bomba la lita 3, likisukumwa polepole, wastani na haraka, maana mkimbiaji hapumui kwa mwendo mmoja.

Mashine ya kukimbilia iinuliwe asilimia 1 kufidia upinzani wa hewa ambao ndani ya chumba haupo. Wakimbiaji wetu wengi wamezoea barabara ya vumbi, kwa hiyo wapewe muda wa kuizoea mashine siku tofauti na ya kipimo. Anayekimbia kwa hofu hukaza mwili na kutumia oksijeni nyingi kuliko kawaida yake. Kila kasi ishikiliwe dakika 4 hadi 6, na isomwe dakika ya mwisho tu. Viatu viwe vilevile kila mara: gramu 100 zaidi kwa kila kiatu huongeza oksijeni inayotumika kwa takriban asilimia 1.

Kwenye lakteti, adui ni jasho, kwa kuwa lina lakteti nyingi kuliko damu. Safisha sehemu laini ya chini ya sikio, ikaushe, toboa, futa tone la kwanza, chukua la pili. Anayekimbilia tone la kwanza hupata kiwango cha juu mno, halafu humwambia kocha apunguze kasi ya mazoezi bila sababu.

Haya yote hayawezekani bila fungu la kila mwaka la mitungi ya gesi, vijiti vya kupimia lakteti ambavyo havijapitwa na muda, na fundi wa maabara aliyeajiriwa. Vyuo vinavyoomba fedha za mashine viombe na hizi katika barua hiyohiyo, na wizara isiidhinishe ombi linalotaja mashine peke yake.

Wahadhiri wa fiziolojia ya mazoezi,
Eldoret